UZI: Anthia kwenye tangi la maji chumvi nyumbani. Wanakula, lakini wanakufa njaa

KiooChaChumvi (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila baada ya wiki chache anaibuka mtu humu anauliza kwa nini anthia wake wanapukutika mmoja mmoja ilhali samaki wengine wa tangi hilohilo ni wazima, na maji akiyapima yako safi. Nimekuwa nikijibu nusunusu. Leo naandika yote mahali pamoja, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza watano kwa kosa moja, na naumia nikiona mwingine analirudia.

Naongelea huyu wa kawaida, Pseudanthias squamipinnis: jike la rangi ya dhahabu lenye mstari wa zambarau unaoanzia chini ya jicho, dume la waridi iliyokolea na ule mwiba mrefu kwenye pezi la mgongoni. Ni samaki wa kwetu kabisa. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu, anateremka na mwambao wetu wote hadi Afrika Kusini. Mjerumani Wilhelm Peters alipomwandika kisayansi mwaka 1855, vielelezo vyake vilitoka Msumbiji.

Tangi langu ni sentimita 120 kwa 60 kwa 55, karibu lita 400. Nilipoleta anthia lilikuwa limetimiza mwaka, vipimo vya uchafu wa maji vizuri: amonia sifuri, naitreti chini ya 10. Nikanunua dume moja na majike manne kwenye duka moja hapa mjini. Siku ya kwanza wakajificha, siku ya pili wakatoka, siku ya tatu wakala. Nikafurahi. Nikawa nawapa chakula jioni nikirudi kazini, mara moja kwa siku, kama nilivyozoea kuwapa wengine.

Wiki ya tatu jike mmoja akaanza kukaa nyuma ya jiwe. Nikamtazama kwa ubavu, nikaona yuko sawa. Alipogeuka akanikabili kwa mbele ndipo nilipoona: kichwa kipana kuliko mwili, nyama ya kisogoni imeingia ndani, mgongo umechongoka kama makali ya kisu. Tumbo lilikuwa limebonyea hapo nyuma ya mapezi ya kifuani. Na alikuwa bado anakula! Chakula kikiingia anatoka, anadokoa, anarudi. Hilo ndilo lililonichanganya, maana sote tumefundishwa kwamba samaki anayekula ni mzima. Kufikia mwezi wa pili walikuwa wamekwisha wote, dume la mwisho.

Anthia ni mla plankitoni. Kutwa nzima yuko mbele ya mwamba, kauelekea mkondo, anadokoa kijidudu kimoja kimoja kinachopita. Hajaumbwa kula mara moja akahifadhi. Na kuogelea kwake hakupungui kwa kuwa wewe uko kazini: anapigana na mkondo wa pampu tangu asubuhi. Mlo mmoja wa jioni haufidii alichokichoma mchana kutwa. Cha ajabu ni kwamba anthia na chewa ni jamaa, wataalamu waliwaweka ukoo mmoja kwa miaka mingi. Lakini chewa akimeza pweza anaweza kurudi pangoni akatulia. Anthia hana akiba hiyo.

Kundi langu la pili lina miezi kumi na minne sasa. Nawalisha mara nne: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku kabla taa hazijazimwa. Kila mara kidogo tu, kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili.

Ulizeni, nitajibu.

---

Pwani_Mchanga (Tanga)

Mkuu asante kwa uzi. Swali: saa saba mchana nani analisha? Sisi wengine tunatoka saa kumi na moja alfajiri tunarudi usiku.

---

KiooChaChumvi

Mkuu Pwani_Mchanga, mchana kuna kilishio cha betri, kile cha pipa dogo linalozunguka kwa saa. Nimekitia chembe ndogo za chakula kikavu. Ila angalia mambo mawili. Kwanza, anthia aliyetoka baharini juzi hajui chembe kavu, ataipita kama takataka. Mimi niliwafundisha kwa kuchanganya: chakula kilichogandishwa kimeyeyuka kwenye kikombe, nadondoshea chembe chache humohumo zilowane na harufu. Ilichukua kama wiki tatu hadi wakazikubali peke yake. Pili, kilishio kikikaa juu ya maji ya moto yenye mvuke, chembe zinashika unyevu zinagandamana, hazidondoki tena. Unarudi jioni unakuta hawajala siku mbili na wewe hujui. Mimi nimekiweka pembeni, feni ndogo inapuliza hapo.

Kama hakuna kilishio na hakuna mtu nyumbani, nakushauri kwa moyo mweupe chukua samaki mwingine. Wapo wazuri wanaostahimili mlo mmoja.

---

Mgeni_wa_Thika

Kaka mimi niko Thika, tangi lita 120, chumvi ya pakiti. Nilishanunua majike watatu wiki mbili zilizopita kabla sijaona huu uzi. Mmoja mgongo umechongoka vile vile ulivyosema. Nifanye nini? Wengine wawili bado wako sawa.

---

KiooChaChumvi

Ndugu yangu wa Thika, fanya leo, usingoje kesho.

Huyo mwembamba mtenge, lakini humohumo kwenye tangi. Tafuta kisanduku cha plastiki chenye matundu, kile wanachowekea samaki wanaozaa, kining'inize ndani. Asipigane na mkondo, asifukuzwe na wenzake, na chakula kisimpite. Mpe mara sita au nane kwa siku, kidogo kidogo. Ukipata mayai ya atemia, vile vijikamba vidogo sana vya maji chumvi, yatotoe: maji ya chumvi kwenye chupa, hewa inabubujika kwa nguvu, joto la nyuzi 26 hadi 28, baada ya saa 24 hadi 36 unawaona wanacheza kama vumbi la rangi ya chungwa. Wape wakiwa wamezaliwa tu, maana wanazaliwa na kiini chao, wakikaa wanakitumia wenyewe. Chakula hai kinaamsha samaki aliyekata tamaa.

Lita 120 ni ndogo kwa kundi, tutaliongea hilo. Kwanza tuokoe huyu.

---

Mzamiaji_Unguja

Nami niongeze, maana kazi yangu ni kuzamisha wageni na hawa samaki nawaona karibu kila siku.

Ukishuka Mnemba, kile kisiwa kidogo kando ya Unguja, kabla hujaona kitu kingine unaona wingu la dhahabu juu ya mwamba. Wanakaa upande ule mkondo unapotokea, wote wameelekeza vichwa kule. Maji yakienda kwa nguvu wanapanda juu na kutawanyika. Maji yakisimama, kati ya kujaa na kupwa, wanashuka wanakaribia matumbawe, kama watu sokoni mzigo haujafika. Kivuli kikubwa kikipita, mara moja wingu zima linazama ndani ya matawi, habaki hata mmoja. Halafu wanatoka tena, majike kwanza. Usiku hamna kitu, kila mmoja ana tundu lake.

Madume ni wachache. Kila mmoja ana kundi lake la majike, na utamwona anapanda na kushuka kwa kasi, juu, chini, juu, kama sindano inayoshona. Hapo anajionyesha.

Kwa hiyo mtu akiniambia ameweka anthia kwenye tangi lenye maji yaliyotulia na jiwe moja katikati, najua hawatakaa. Wanahitaji mkondo wa kuwaletea chakula, na wanahitaji mapango mengi kuliko idadi yao.

Na jamani, msije kuchota samaki Mnemba, Mafia wala Kisite. Hizo ni hifadhi. Hata nje ya hifadhi ukamataji wa biashara una vibali vyake.

---

KiooChaChumvi

Mkuu Mzamiaji, hapo kwenye maji kusimama umenifungua macho. Pampu zangu mbili za mkondo nimezipanga zipokezane, na nilikuwa sijui kwa nini zikipumzika wanashuka chini wote.

Wakati wa kulisha nazima skima tu (kile kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa mapovu), pampu moja naiacha polepole ili chakula kielee kiwapitie usoni. Ukizima kila kitu chakula kinazama, na anthia hafuati kitu sakafuni.

---

BintiKisauni (Mombasa)

Ndugu zangu, mimi nimefanya kazi miaka sita kwenye ghala la samaki wa mapambo hapa pwani ya Kenya, wale wanaosafirishwa kwa ndege. Nataka mjue samaki amepitia nini kabla hajafika kwako, kwa sababu njaa ya anthia haianzii nyumbani kwako.

Wazamiaji wanawanasa kwa wavu mwembamba wanaoutandaza kando ya mwamba, halafu wanawaswaga taratibu. Wakitolewa kwenye kina, lazima wapandishwe polepole, maana kibofu cha hewa kinavimba. Aliyepandishwa haraka utamjua: anaogelea kichwa chini, mkia unavutwa juu, hawezi kukaa sawa. Huyo usimnunue hata kwa bei ya kutupa.

Ghalani wanakaa siku kadhaa. Kabla ya kufungwa safari, hawapewi chakula siku moja au mbili ili wasichafue maji ya mfuko. Kisha ndege, kisha ghala la pili, kisha duka, na mara nyingi dukani wanalishwa mara moja. Ukijumlisha, anthia anaweza kufika kwako akiwa na wiki nzima ya njaa mwilini. Kwa hiyo dukani usiulize tu kama anakula. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako, halafu mwangalie kwa mbele, kama alivyosema mleta uzi. Kisogo kikiwa kimejaa, chukua. Kimebonyea, muache.

Jambo lingine. Mfuko uliosafiri saa nyingi una amonia, lakini haina makali sana kwa sababu hewa chafu wanayoipumua imeyafanya maji kuwa na asidi. Ukifungua tu, ile hewa inatoka, asidi inapungua, amonia inakuwa sumu kali. Kwa hiyo ule mtindo wa kufungua mfuko na kudondoshea maji ya tangi saa mbili nzima, kwa samaki wa safari ndefu unaua. Sawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, pima chumvi, kisha mtoe umuingize. Maji ya mfuko mwaga. Taa zizime.

---

Mgeni_wa_Thika

Dada asante sana. Mimi ndivyo nilivyofanya, saa mbili na nusu kwa tone.

---

BintiKisauni

Pole ndugu yangu. Wengi hufundishwa hivyo.

---

Bi_Maskati (Muscat)

Assalaam alaykum wanangu. Mimi ni wa Unguja ila nimekaa Maskati miaka mingi, na matangi nimeyafuga tangu watoto wangu wadogo. Huku Oman nako kuna anthia wao, Pseudanthias marcia, aliyeandikwa kisayansi mwaka 1993. Nasema mawili tu.

La kwanza, mjifunze kutofautisha njaa na maradhi. Anthia anashikwa sana na kijidudu kinaitwa Uronema. Dalili yake ni alama nyekundu ubavuni, kama alichubuliwa, inakuwa kidonda, na samaki anaweza kuondoka ndani ya siku chache huku kanona. Ukiona wekundu kwa samaki mpya, usimchanganye na wengine. Mimi kila mgeni anakaa wiki nne tangi la pembeni, halina mawe, lina vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Dawa ya shaba ikihitajika kwa ugonjwa wa madoa meupe, natia humo humo huku napima kila siku. Shaba haiingii tangi lenye matumbawe na kamba hata tone, itawaua.

La pili, wafunikieni. Anthia anaruka. Akishtuka usiku, taa ya sebuleni ikiwashwa ghafla, huyo nje. Mimi nimetengeneza fremu ya alumini na wavu wa plastiki wenye matundu madogo, hewa inapita, samaki hapiti. Kioo kinazuia hewa na kinaongeza joto.

---

KiooChaChumvi

Bi mkubwa, shikamoo. Hilo la kuruka ndilo nililotaka kufika, kwa sababu ndivyo nilivyompoteza dume wa kundi la pili, mwezi wa tano. Kulikuwa na upenyo wa vidole viwili pale mabomba yanapoingilia. Nilimkuta asubuhi sakafuni, kakauka.

Lakini kilichofuata sitakisahau. Nilibaki na majike wanne. Siku mbili za kwanza walitulia mno, hawapandi juu. Siku ya tatu mkubwa wao akaanza kuwafukuza wengine, si kwa hasira ya kugombea chakula, ni kuwasukuma tu kutoka pembe moja hadi nyingine. Siku ya tano nikamwona anapanda na kushuka, ile shona-shona ya Mzamiaji. Rangi ilikuwa bado dhahabu tupu. Yaani tabia ilitangulia mwili.

Wiki ya pili ubavu ukaanza kufifia, dhahabu ikaingiwa na weusi-weusi kama shaba iliyoshika kutu, hadi nikadhani anaumwa. Kisha waridi ikatokea, likaja doa jekundu kwenye pezi la kifuani. Mwiba wa tatu wa pezi la mgongoni ukawa unarefuka, kila baada ya siku chache nausimamia na rula nje ya kioo. Kabla mwezi haujatimia alikuwa dume kamili.

Hili si la ajabu kwao, ndiyo maumbile yao. Lev Fishelson alilichapisha kwenye jarida la Nature mwaka 1970: dume akiondoka, jike anageuka. Hata chewa wengi huzaliwa majike wakageuka ukubwani. Kwa mnunuzi maana yake ni moja: nunua majike watupu, wadogo, watano hivi kwa wakati mmoja. Mmoja atakuwa dume wenu mwenyewe. Ukinunua madume mawili kwa tangi la nyumbani, mmoja atafukuzwa hadi afe. Ukinunua jike na dume tu, jike atasumbuliwa kutwa hana wa kugawana naye adha.

---

Pwani_Mchanga

Mkuu chakula chenyewe unapata wapi? Hivi vya kugandishwa vya kutoka nje bei yake haishikiki.

---

KiooChaChumvi

Uduvi, mkuu. Uduvi mbichi, si mkavu. Mkavu una chumvi ya kuanikia na mchanga.

Nawawahi wavuvi asubuhi, nachukua kilo moja. Nyumbani nauosha kwa maji baridi kwenye chekecheke hadi maji yatoke meupe, naokota majani na vipande vya samaki wengine. Natia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, naulaza, naubonyeza hadi uwe mwembamba kama chapati, nagandisha. Siku ya kulisha navunja kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, nakiyeyusha kwenye kikombe chenye maji ya tangi, natupa yale maji ya rangi maana ndiyo yanayoleta fosfeti na mwani. Majike wadogo nawakatia kwa wembe. Mara mbili kwa wiki nachanganya mayai ya samaki, vile vichembe wanavipenda kuliko kitu chochote.

Kulisha sana kunachafua, hilo msijidanganye. Skima iwe kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwa tangi lako, na mimi nabadilisha lita 50 kila wiki. Natumia maji ya bahari. Nayachota maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, na kipindi cha masika sichoti kabisa kwa sababu chumvi inashuka na matope yanakuja. Nayaacha gizani siku moja yatulie, napima yawe gramu 35 kwa lita. Maji yanayopungua kwa mvuke, ongezeni maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, si ya bahari, maana chumvi haipandi na mvuke.

Kuhusu joto, msihangaike kulishusha hadi nyuzi 24 kama wanavyoandika Ulaya. Bahari yetu yenyewe mwezi wa tatu inakaribia 30. Mimi nashikilia 26 hadi 27 kwa feni. Kinachoua kwenye joto ni oksijeni kupungua, na umeme ukikatika usiku anthia ndio wa kwanza kuhema juu. Nunueni pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe. Bei yake ni ndogo kuliko samaki mmoja.

---

Nyota_ya_Kilifi

Vipi yule anthia wa zambarau na mgongo wa manjano, evansi? Nimemwona ni mzuri kupita kiasi.

---

BintiKisauni

Evansi tulikuwa tunawapata, na ndio waliotufia zaidi ghalani. Anataka vijidudu vidogo zaidi, na mara nyingi zaidi, na hakubali kitu kilichokufa kwa urahisi. Huyo pamoja na anthia wengine wawili, tuka na ventralis, muache baharini hadi uwe umekaa na hawa wa dhahabu angalau mwaka mzima bila kupoteza hata mmoja. Ukitaka wa pili wa kuanzia baada ya squamipinnis, tafuta bartlettorum.

---

Mgeni_wa_Thika

Wakuu narudi na taarifa. Leo siku ya kumi na moja. Yule wa kisandukuni siku tatu za kwanza alikuwa amelala upande, nikajua amekwenda. Atemia walipototoka nikamwagia kwa bomba la sindano mbele ya mdomo. Alidokoa mmoja. Jioni akadokoa kama watano. Sasa anakula hadi uduvi uliokatwakatwa (mama mboga wangu wa soko ana jamaa anayemletea kutoka pwani kwenye barafu). Nikimtazama kwa mbele kisogo kimeanza kujaa, ile ncha ya kisu haipo.

Mmoja wa wale wawili waliokuwa sawa amekufa juzi. Alikuwa na wekundu ubavuni, kama alivyosema Bi Maskati. Sikuwa na tangi la pembeni.

Nimeongea na fundi wa vioo, ananikatia la lita 350. Nauliza: huyu nimtoe kisandukuni lini?

---

KiooChaChumvi

Pole kwa huyo, na hongera kwa huyu.

Bado usimtoe. Mpe wiki mbili nyingine humo, mara sita kwa siku. Siku utakapomfungulia, fungua asubuhi ukiwa nyumbani, pampu zikiwa chini, na mlishe dakika hiyohiyo akitoka. Ukiona amepanda kuukabili mkondo mwenyewe, muache. Akirudi nyuma ya jiwe, mrudishe.

---

Bi_Maskati

Na mwanangu, kabla lile jipya halijaingia maji, nunua ndoo ya lita 60 na bomba tatu. Hilo ndilo tangi lako la pembeni. Mimi nilianza na beseni la kufulia.